Mkono Uokolewe Hapa Hapa Kisiwani

Mombasa ni mji wa watu wanaokula kwa kazi ya mikono. Seremala wa Mji wa Kale anayechonga mlango, muuza madafu na panga lake, kijana wa juisi ya miwa karibu na Marikiti, fundi wa vyuma wa Mwembe Tayari, kuli wa bandarini, mvuvi na mshipi wake, mama wa viazi karai aliyesimama mbele ya mafuta yanayochemka: wote hawa mtaji wao ni vidole kumi. Mkono mmoja ukisagwa na mashine, nyumba nzima hulala njaa. Leo tunasema jambo moja, na tunalisema kwa uzito wote: uwezo wa kuokoa mkono ulioumia vibaya uwepo hapa kisiwani, katika hospitali ya umma, usiku na mchana, na usitegemee bahati ya nani yuko zamu.

Tuanze na mwili wenyewe, maana hoja yetu imo humo.

Damu hushuka mkononi kwa ateri moja kubwa. Ikifika kwenye kiwiko hugawanyika mara mbili. Moja hufuata upande wa gumba. Ndiyo ile daktari huibonyeza kifundoni akihesabu mapigo. Ya pili hufuata upande wa kidole cha mwisho na imejificha ndani zaidi. Zikiingia kiganjani huinama zikaelekeana, zikakutana na kufanya matao mawili, moja karibu na ngozi na jingine ndani karibu na mifupa. Kutoka kwenye matao hayo huchipuka ateri ndogo za vidole, mbili kwa kila kidole, moja kila ubavu, na upana wake ni kama milimita 1. Vena zinazorudisha damu moyoni nyingi ziko mgongoni mwa mkono, zile zinazotuna mtu akibeba ndoo ya maji.

Mtu wa Mombasa ataelewa upesi faida ya matao hayo. Kisiwa chetu kina njia ya Makupa na njia ya Nyali; moja ikifungwa, magari huzunguka kwa nyingine na mkate bado unafika Kibokoni. Mkono umeumbwa hivyo hivyo, na mpasuaji anayejua hilo anaweza kufanya mambo ambayo asiyejua hathubutu kuyagusa.

Msomaji anaweza kujionea. Funga ngumi kwa nguvu. Bonyeza ateri zote mbili pale kifundoni kwa vidole vya mkono wa pili, kisha fungua ngumi: kiganja kitakuwa kimepauka. Sasa achia ile ya upande wa kidole cha mwisho peke yake. Kwa watu wengi kiganja kizima hurudisha rangi yake katika sekunde chache, pamoja na upande wa gumba ambao ateri yake bado umeibana. Damu imepita kwenye tao. Daktari Mmarekani, Edgar Allen, aliandika juu ya jaribio hili mwaka 1929, na mpaka leo wapasuaji hulifanya kabla ya kugusa ateri ya kigasha. Wanalifanya kwa sababu wako watu ambao tao lao halikukamilika. Mtu wa namna hiyo ukimchukulia ateri moja bila kumpima, vidole vinaweza kufa mbele ya macho yako.

Sasa tuje kwenye mashine ya miwa. Mashine hiyo haikati kama kisu. Huvuta na kuponda. Kidole kikishikwa kati ya magurudumu, mkono hufuata, na unapotolewa ngozi ya mgongoni mwake huwa imevuliwa, kano ziko wazi na mifupa inaonekana. Msumeno wa seremala huacha jeraha jingine, mafuta ya moto huacha jingine, lakini swali linalomkabili daktari ni lile lile: mahali hapa patafunikwa na nini?

Njia inayojulikana zaidi ni kiraka: ngozi nyembamba hukwanguliwa pajani na kulazwa juu ya jeraha. Ni njia nzuri, nafuu, na kila hospitali kubwa huifanya. Lakini kiraka hakiji na damu yake. Siku za mwanzo hukaa kikisubiri kunyweshwa na kilicho chini yake. Chini pakiwa na nyama yenye damu, hushika. Chini pakiwa na mfupa mtupu, au kano zilizovuliwa utando wake, hakipati cha kunywa, nacho hukauka na kubanduka. Kano zenyewe zikiachwa wazi siku chache hufa. Hapo ndipo uamuzi wa kukata huanza kuonekana kuwa wa busara, na mkono ambao ungeweza kushika kijiko tena huishia ndani ya ndoo ya chumba cha upasuaji.

Kinachotakiwa mahali kama hapo ni kipande kinachohama pamoja na mshipa wake. Ngozi, mafuta yaliyo chini yake, pengine na nyama, vyote vikiwa vimeshikana na ateri inayoviletea damu na vena inayoitoa. Kipande hicho hufika mahali pake kipya kikiwa hai, hivyo hakiombi kitu kwa mfupa kilioufunika. Kinaulinda, kinaacha kano ziteleze chini yake, na miezi baadaye mpasuaji anaweza kukiinua tena ili atengeneze kano au neva bila kuharibu chochote.

Kuna kipande kimoja ambacho tungependa kila mbunge wa kaunti akijue. Mwaka 1972 wapasuaji wawili wa Uskoti, Ian McGregor na Ian Jackson, waliandika juu ya ngozi ya kinena. Huko hupita ateri ndogo inayotoka penye mkunjo wa paja ikielekea mfupa wa nyonga, na inalisha ulimi mrefu wa ngozi. Mpasuaji huuinua ulimi huo, akaushona juu ya jeraha la mkono, huku shina lake likibaki kinenani likiendelea kupeleka damu. Mkono hukaa umeshonwa hapo kwa wiki 3 hivi. Katika muda huo mishipa mipya midogo huota kutoka mkononi kuingia kwenye kipande. Kisha shina hukatwa na mkono ukawa huru. Jeraha la kinenani hufungwa kwa nyuzi, na kovu lake hufichwa na nguo.

Kazi hii haihitaji darubini. Haihitaji uzi mwembamba kuliko unywele. Inahitaji mtu anayejua ateri hiyo inapita wapi, taa nzuri, dawa ya usingizi, na wodi inayomjali mgonjwa.

Hilo la wodi tulikazie, kwa kuwa linapuuzwa. Mtu aliyeshonwa mkono kinenani anahitaji kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa. Anahitaji pazia linalofunga kweli, na muuguzi wa jinsia yake pale inapowezekana. Bega na kiwiko vyake vitakaza asipofanyishwa mazoezi kila siku. Mgonjwa Mwislamu atataka kujua ataswali vipi, naye ana haki ya kujibiwa kabla ya upasuaji: dini inamruhusu mgonjwa kuswali kwa namna anayoiweza, akiwa amekaa au amelala, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Haya si mambo ya pembeni. Mgonjwa ambaye hakuelezwa huingiwa na haya na hofu, akaona afadhali akatwe yaishe. Tunaamini wengi wangechagua wiki 3 za taabu kama mtu angekaa nao, akawaeleza kwa Kiswahili kitakachotokea kila siku.

Njia ya pili hutumia kigasha, na hapa ndipo yale matao ya kiganjani yanapoonyesha thamani yake. Wapasuaji wa Kichina, Yang Guofan na wenzake wa Shenyang, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuinua ngozi ya kigasha pamoja na ateri ya upande wa gumba. Baadaye ikagundulika kwamba ateri hiyo unaweza kuikata upande wa kiwiko na kuiacha imeunganika upande wa kiganja. Damu sasa inashuka kwa ateri ya pili, inapita kwenye tao, kisha inapanda kinyume na kawaida yake na kukilisha kipande. Kipande hugeuzwa kama ukurasa wa kitabu na kufunika mgongo wa mkono au mzizi wa gumba. Upasuaji ni mmoja, mgonjwa hakai ameshonwa popote. Gharama yake ni kwamba ateri kubwa moja imetolewa mhanga, na kigasha kitabaki na kovu lisilofichika. Kwa hiyo wengine hupendelea ateri nyembamba ya mgongoni mwa kigasha, ipitayo kati ya mifupa miwili, ambayo ilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1980 na huziacha ateri kubwa zote mbili salama. Kuiinua kunataka mkono mtulivu zaidi.

Kwa majeraha madogo kuna njia ndogo. Kidole jirani kinaweza kuazima ngozi ya mgongo wake kwa wiki mbili au tatu. Gumba lililochunika linaweza kufunikwa na ngozi ya mgongoni mwa kidole cha shahada, ikihamishwa na ateri yake kama kishada na uzi wake. Mfaransa Guy Foucher ndiye aliyeieneza njia hiyo kuanzia 1979. Nalo gumba ni la kupiganiwa kuliko kidole chochote. Wapasuaji huliweka katika asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima. Asiye na gumba hawezi kushika nyundo wala kufungua kifuniko cha chupa.

Wataalamu wetu wanayajua haya. Tumeyaeleza kwa wasomaji na kwa wanaoshika mfuko wa kaunti, kwa sababu watu wengi wakisikia upasuaji wa kurekebisha hufikiri ni anasa ya matajiri au kazi ya urembo. Historia inasema vingine. Mwaka 1794 jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapisha habari za mtu wa magharibi ya India aliyekatwa pua, akatengenezewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso iliyoachwa na shina lake. Aliyemtengenezea alikuwa fundi wa kienyeji aliyerithi kazi hiyo. Ni kazi iliyokuwa ikifanyika ng'ambo ya bahari ile ile ambayo majahazi ya Bandari ya Kale yaliivuka kila msimu, na Wazungu waliisoma kutoka huko. Ramani ya ateri za ngozi ilichorwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu mwaka 1889 na kijana Mjerumani, Carl Manchot, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari, kwa kisu na macho yake tu. Eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Mfaransa Michel Salmon aliirudia 1936 kwa kutumia eksirei. Mwaka 1987 Ian Taylor na John Palmer wa Melbourne walionyesha kwamba mwili mzima umegawanyika katika maeneo kama 40, kila eneo na ateri yake kuu inayolilisha kutoka ndani hadi juu ya ngozi. Elimu hiyo yote imo vitabuni. Inangoja mtu wa kuibeba.

Afrika Mashariki nayo ina nasaba yake katika kazi hii. Shirika la Amref, ambalo kila mtu hulijua kwa ndege zake za madaktari, lilianzishwa 1957 na watu watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha. McIndoe ndiye aliyewatengeneza upya nyuso na mikono marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Walipofikiria tiba ya watu wa mbali na hospitali katika nchi zetu, walikuwa wameona majeraha ya moto, ya wanyama, ya mapanga, na mikono iliyokunjamana kwa makovu. Miaka mingi imepita na majeraha hayo bado yapo. Wapasuaji wa aina hii Kenya bado ni wachache, na wengi wao wako Nairobi.

Umbali wa Nairobi ndio unaotutia wasiwasi zaidi mkono unapokatika kabisa. Januari 2018 wapasuaji wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwemo Profesa Stanley Khainga, waliurudisha mkono wa kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Upasuaji ulichukua muda wa saa 7. Nchi nzima ilifurahi, na ilistahili kufurahi. Ulimwenguni kazi hiyo ilianzia Boston mwaka 1962, mkono wa mtoto wa miaka 12, na Shanghai mwaka 1963. Wajapani wakarudisha gumba lililokatika kabisa mwaka 1965. Lakini Kiambu iko mlangoni mwa Nairobi. Mombasa iko umbali wa kilomita 480 hivi.

Nyama ya msuli isiyo na damu, ikiwa na joto la kawaida, huvumilia muda wa saa 6 tu. Ikipozwa huvumilia mara mbili ya hapo. Kidole, ambacho hakina msuli, huvumilia zaidi: saa 12 bila kupozwa, na siku nzima au zaidi kikipozwa vizuri. Hesabu ni rahisi. Treni ya Madaraka Express hutumia muda wa saa 5 hadi 6 kufika Nairobi, basi hutumia zaidi. Mtu wa Lamu anaweza kuwa hata Mombasa hajaiona saa hizo zikiwa zimekwisha. Ndege ipo kwa mwenye kuweza kuilipia. Mkono mzima uliokatika juu ya kifundo hautasubiri rufaa, foleni ya kivuko cha Likoni, na karatasi za kusainiwa.

Hapa kuna jambo ambalo kila karakana, kila meli na kila jiko la hoteli linaweza kulifanya kesho asubuhi bila kungoja serikali. Kiungo kilichokatika kisitupwe, na kisiwekwe moja kwa moja kwenye barafu. Barafu ikikigusa hukiua. Kisizamishwe kwenye maji wala maziwa wala spiriti. Kioshwe uchafu kwa upole, kifungwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye chombo chenye barafu na maji. Mgonjwa afungwe jeraha kwa kulibana, na mkono uinuliwe. Barafu haikosekani Mombasa. Muulize muuza samaki yeyote. Kinachokosekana ni maarifa ya kuitumia, na tangazo la kubandikwa ukutani.

Tuseme pia ukweli mwingine, ili tusiwape watu tumaini la uongo. Si kila kiungo hurudi. Kilichokatwa kwa makali safi kina nafasi nzuri; kilichopondwa na mashine ya miwa mishipa yake imechanika ndani kwa urefu mkubwa, na mara nyingi hakiungiki. Gumba hujaribiwa karibu kila mara, na kiungo cha mtoto hali kadhalika. Kidole kimoja cha kati cha kuli, kikirudishwa kigumu kisichokunjika, kinaweza kumkwaza zaidi ya kumsaidia. Uamuzi huo unataka mtu aliyeuona mara nyingi. Ndiyo maana tunataka awepo.

Mikono haiharibiwi na mashine pekee. Dar es Salaam, Daktari Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili na wenzake waliandika juu ya ugonjwa wa mkono unaowapata wenye sukari katika nchi za joto, na ripoti yao ya 2002 ilichapishwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Huanza na mkwaruzo mdogo au kuumwa na mdudu, kitu ambacho mtu hakijali. Mwenye sukari isiyodhibitiwa hukaa nyumbani, akapaka hiki na kile, na usaha ukapanda. Wengi walifika wamechelewa; wengine walikatwa mkono, wengine walifariki. Wagonjwa hao ni watu wa pwani kama yetu, wenye vyakula kama vyetu na mazoea kama yetu. Mwenye sukari aliyechomwa na mwiba wa samaki na mkono ukavimba asingoje hadi Jumatatu. Usaha ukitolewa mapema na nyama iliyokufa ikisafishwa, kinachobaki wazi kinaweza kufunikwa kwa njia hizi hizi tulizozieleza.

Kufunika nako kuna wakati wake. Marko Godina, mpasuaji wa Ljubljana, alionyesha mwaka 1986 kwamba viungo vilivyojeruhiwa vibaya vikifunikwa kwa vipande hai ndani ya saa 72, maambukizi hupungua na vipande vichache hufa. Usiku wa kwanza kazi ni kuosha, kutoa nyama iliyokufa, kutuliza mifupa, na kutofunga jeraha kwa kulivuta. Siku ya pili au ya tatu ni kufunika. Mkono wenye kano wazi kupewa miadi ya wiki tatu zijazo ni sawa na kuukata kwa polepole.

Kisha huja usiku wa kukesha. Kipande kikifa, mara nyingi dalili huanza katika siku mbili za kwanza, na anayeziona ni muuguzi. Kikipauka na kuwa baridi, ateri imeziba. Kikigeuka zambarau na kuvimba, damu inaingia lakini vena haiitoi. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani kwa urahisi kama vitabu vya Ulaya vinavyodai, hivyo muuguzi wa hapa Mombasa anahitaji kufundishwa kupima joto kwa mgongo wa mkono wake, kubonyeza na kutazama rangi inavyorudi, kuchoma kwa sindano na kutazama damu inayotoka. Kila saa, usiku kucha. Akiita mapema, mpasuaji anaweza kulegeza mshono au kurudi chumbani na kukiokoa. Wako hata wanaotumia ruba wa hospitali kunyonya damu iliyotuama. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi ya vitanda arubaini hawezi kazi hiyo, na hatumlaumu.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Sigara hubana mishipa midogo. Miraa na muguka nazo zina kemikali inayoibana. Anayetaka kipande chake kiishi aziache zote, na ndugu wanaomletea kwa siri ndani ya mfuko wa mahamri wajue wanachokileta.

Hospitali ya Coast General, ambayo wenyeji wengi bado tunaiita Makadara, ni ya rufaa na ya kufunza. Inazihudumia Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Ndiyo mahali pa kuanzia. Tunaomba kitengo cha mkono chenye jina, chenye vitanda vyake, chenye mtaalamu wa kurekebisha anayeshirikiana na wa mifupa, chenye fundi wa mazoezi ya mkono, na orodha ya zamu inayojulikana na kila zahanati kutoka Vanga hadi Kiunga. Tungependa fedha za kwanza ziende kwa watu: kusomesha wapasuaji wawili watatu kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, na kuwafundisha wauguzi. Kisha vitu vidogo: miwani ya kukuzia, na kifaa cha Dopla cha mkononi ambacho humwezesha mpasuaji kuisikia ateri kabla ya kukata. Darubini ya kuungia mishipa ije baada ya hapo. Tumeona katika nchi hii mashine za bei kubwa zikifungwa kwa sherehe na kukaa zimefunikwa shuka kwa kukosa wa kuziendesha.

Watakuwepo watakaosema hospitali ambayo wagonjwa wake huambiwa wakanunue glavu nje haina haki ya kuota upasuaji huu. Tunaliheshimu swali hilo. Lakini kijana wa miaka 22 aliyepoteza mkono wa kulia ataishi miaka 40 mingine akiwa mzigo kwa mama yake, na gharama hiyo hailipwi na kaunti, inalipwa jikoni. Kipande cha kinena kinatumia uzi, kisu na chumba ambavyo tayari vipo. Kinachoongezwa ni ujuzi.

Serikali ya taifa ina deni lake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu za hatari za mashine zizibwe. Pitia karakana zetu uhesabu misumeno yenye kinga. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima na agharimie matibabu, na ina jedwali la asilimia kwa kila kidole. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa kwa hesabu ya mapato ya miezi 96. Ni sheria nzuri kwa mwenye mkataba. Kijana wa miwa hana mkataba. Mashine si yake, na mwenyewe hulipwa kwa glasi. Wakaguzi wa kazi waende huko pia, na kaunti isitoe leseni ya biashara kwa mashine ya kukamua isiyo na kinga mbele ya magurudumu na swichi ya kuzima iliyo karibu na mkono.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, tangu 1 Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Iliangalie jambo moja mahususi: upasuaji wa hatua mbili uhesabiwe kuwa kazi moja inayolipwa hadi mwisho. Mgonjwa aliyeshonwa mkono kinenani hawezi kuambiwa kwamba fungu lake limekwisha kabla shina halijakatwa. Mazoezi ya mkono ya miezi inayofuata nayo yalipiwe, kwa sababu mkono uliofunikwa vizuri na kukaza ni mkono nusu.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Waheshimiwa wa Mombasa wakae na wenzao wa Kwale, Kilifi na Lamu, maana wagonjwa wao ndio hao hao, waweke fungu la pamoja la masomo ya wapasuaji na mishahara ya wauguzi wa usiku, na walitaje kwa jina lake kwenye karatasi ya bajeti ili sisi na wananchi tuweze kuuliza kila robo ya mwaka limetumika vipi.